Mazungumzo ni ya wakati unashinda

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, jamaa anafoka kwamba serikali ya Congo, Kinshasa, imejidhalilisha kukaa kwenye mazungumzo Doha, Qatar, na M23, waasi wa mashariki mwa nchi hiyo, eti muasi hapewi kiti, anapewa risasi. Watu wameujazia makofi na bendera. Nimeusikiliza nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, nimefika nyumbani bado nimefura.

Ndugu yangu, hizo risasi zilishapigwa. Tena zikashinda! Mwaka 2013 vijana wetu wa JWTZ, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, waliingia Kivu na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa chini ya Mtanzania, James Mwakibolwa. Ilipofika Novemba, M23 walikuwa wamebanwa na jeshi la Congo na brigedi hiyo kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi, mpakani kabisa. Tarehe 5 wakatangaza wameacha vita. Kamanda wao, Sultani Makenga, akavukia Uganda na watu wake. Mlitaka kipigo gani zaidi ya hicho?

Desemba ile ile karatasi zikasainiwa Nairobi: silaha ziwekwe chini, wapiganaji wa kawaida wasamehewe na warudishwe makwao, wakimbizi nao warudi. Halafu Kinshasa ikalala fofofo. Sheria ya msamaha ilipita, ndiyo, lakini wapiganaji wengi wakaozea makambini Uganda na Rwanda mwaka hadi mwaka, wakisubiri safari isiyokuja. Makenga akachoka kusubiri, akajipenyeza kurudi msituni. Mwisho wa 2021 bunduki zikaanza tena, Juni 2022 Bunagana ikaanguka, Januari 2025 Goma, Februari Bukavu.

Hapa ndipo ninapogombana na wa risasi na wa amani kwa pamoja. Serikali ya Congo huongea ikishakabwa koo. Mwisho wa 2008 Laurent Nkunda, kiongozi wa CNDP, kundi la waasi lililowatangulia M23, alifika mlangoni mwa Goma. Machi 2009 mkataba. Novemba 2012 Goma ikatekwa. Desemba wako Kampala mezani. Mwaka 2025 miji miwili mikubwa imekwenda, ndiyo tunasikia Doha, baada ya Tshisekedi kuapa muda wote kwamba hatakaa na hao watu. Aliyekabwa hana cha kukataa. Ndiyo maana mwaka 2009 Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi hilo la Nkunda, mwenye hati ya kukamatwa ya ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mgongoni, alivikwa ujenerali akaishi Goma mchana kweupe kama mstaafu wa heshima. Miaka mitatu baadaye akaasi. Maajabu! Na kijana wa Masisi, huko huko Kivu, aliyekuwa akitazama alijifunza kwamba darasani hakuna cheo kinachokuja haraka hivyo.

Muda wa kuzungumza ulikuwa 2014. Kalamu ilikuwa mkononi mwa serikali, waasi hawana hata kilima. Wakati huo ungeweza kuyakabili ya ardhi, ya uraia, ya familia za Watutsi wa Congo zilizoishi ukimbizini miaka na miaka, na ukayajibu bila mtu kusema umeogopa. Na vyeo ungeweza kuwanyima kabisa.

Waulizeni watu wa Goma gharama ya usingizi ule. Mji ulipotekwa benki zilifungwa, mtu ana hela zake kwenye akaunti lakini anavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta noti za kununulia unga. Waliokuwa Bulengo, kambi ya waliokimbia vita, waliambiwa waondoke. Mama anakunja turubai lililokuwa nyumba yake, anafunga na sufuria juu, anarudi kijiji ambacho huenda hakina hata mlango.

Haya, kwa shingo upande: bila kipigo cha 2013 M23 wasingesaini Nairobi. Na bila kuibana Kigali, yaani serikali ya Rwanda, ambayo inakana kuwasaidia M23 huku ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zikirundikana, Doha itabaki kupiga picha tu.

Ila msinichanganyie na ADF, lile kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Desemba 2017 waliivamia kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, upande wa Beni, wakatuulia walinda amani wetu zaidi ya kumi, na wanakijiji wa Beni wanaendelea kuuawa kwa mapanga mpaka leo. M23 wana madai, hata kama unayachukia unaweza kuyaandika na kuyajibu. Hao ADF, anayetaka wakaribishwe mezani atuambie kwanza wataombwa waache nini, na wapewe nini.