Maji "yanayopotea" ni ya nani?

Wiki iliyopita nilimsikia mtaalamu wa umwagiliaji akisema, kwa uhakika kabisa, kwamba maji mengi ya mifereji ya udongo "hupotea". Neno hilo limenikera mpaka leo. Yanapotelea wapi?

Simama ukingoni mwa mfereji wa udongo utazame. Maji yanayonywea pale yanashuka taratibu, yanajaza visima, na mengine yanachomoza tena mtoni huko chini, ambako kuna mtu na banio lake, yaani kizuizi cha kuingizia maji mferejini, anayangoja. Shamba la juu likisakafiwa mfereji kwa saruji na kutandikwa mipira ya matone, maji kwa ekari yanapungua na mavuno yanapanda. Ila mara nyingi mkulima huyo hayarudishi mtoni maji aliyookoa. Anaongeza ekari, au anaacha zao la msimu na kupanda miti ya matunda inayotaka maji mwaka mzima. Mmea ukishayanywa, yanaishia hewani. Wa chini anakuta kisima chake kimeshuka. Anakopa achimbe zaidi, kisha anachoma dizeli kupandisha maji ambayo zamani yalimfikia yenyewe. Nani anaandika deni hilo kwenye hesabu za mradi?

Mto ukivuka mpaka ndiyo kabisa: faida inahesabiwa nchi hii, hasara inaangukia nchi ile, na hakuna wizara moja inayoziona zote mbili.

Sasa weka na joto. Hewa ikipata joto inavuta maji zaidi kwenye majani na mabwawa, kwa hiyo shamba lile lile linaona kiu zaidi katika mwaka ule ule ambao mto umepungua. Mikataba ya kugawana mito nayo imeganda kwenye kiasi kisichobadilika. Ule wa 1922 wa mto Colorado, Marekani, uligawa maji kwa vipimo vya miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Ule wa Nile wa 1959 uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5, lakini Ethiopia, yanakotoka mengi ya maji hayo, haikuwamo. Mgao ungekuwa wa asilimia, kila mmoja angebeba sehemu yake ya ukame.

Haya, nakubali: maji yanayovujia kwenye ardhi ya chumvi hayamfai mtu, mfereji huo uzibwe. Na watu lazima wale. Lakini mito ya Amu Darya na Syr Darya ya Asia ya Kati ilipoelekezwa kwenye pamba, Bahari ya Aral iliyolishwa nayo ilikauka sehemu kubwa, na huko Moynaq, Uzbekistan, uliokuwa mji wa bandari, meli za wavuvi zimelala mchangani. Maji yale pia yalionekana hayana kazi.

Inawezekana kufanya vingine. Mali, Mauritania na Senegal zinamiliki bwawa la Manantali kwa pamoja, na gharama ziligawanywa kwa kuangalia faida ya kila nchi.

Mtaalamu yule ningemwomba jambo moja tu. Akitaka kupima maji aliyookoa, asipimie kwenye bomba la shamba. Ashuke mpaka mtoni, chini ya banio la mwisho, apimie pale.