Maziwa Yasiyotaka Kukamuliwa

Mimi ni Msukuma wa Kwimba, nimekua nikitembea nyuma ya mikia ya ng'ombe, na tumbo langu limekataa maziwa. Msianze kucheka, bado.

Lilianza kidogo kidogo. Asubuhi napiga kikombe changu cha chai ya maziwa, nashuka mlima wa Mabatini hadi kwenye cherehani yangu Makoroboi, hapa Mwanza, na kabla sijatunga uzi sindanoni tumbo linanguruma kama meli inayong'oa nanga. Siku moja nampima mteja kiuno, futikamba mkononi, pumzi nimebana, yule bwana ananiambia, "Fundi, pokea simu, inatetemeka." Nikaipokea. Ningefanyaje? Nikasema "haloo" na "nitakupigia baadaye" kwenye simu iliyokuwa imezima chaji tangu usiku.

Daktari akanieleza kwamba kile kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, laktosi, kimepungua mwilini mwangu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima duniani wako hivyohivyo. Nikamshukuru. Lakini hao watu wazima wa duniani hawajatoka kwenye ukoo wangu, ambao mtu akitaka kujua habari zako anauliza ng'ombe hawajambo, halafu ndiyo watoto. Mimi nililipa mahari ng'ombe kumi na wawili. Leo niende kwa wakwe nikaombe chai ya rangi?

Nilikuwa nimeshakubali kuishi hivyo, mpaka binti yangu Neema alipokuja likizo kutoka chuo. Akasema, "Baba, kunywa maziwa ya oti." Tukayakuta supamaketi mjini, boksi la lita moja, Sh 18,000. Mimi kupunguza kiuno cha suruali natoza Sh 3,000. Yaani wanaume sita wakonde ndipo mimi ninywe lita moja. Nikalirudisha boksi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Basi tutatengeneza wenyewe," akasema Neema. "Ni rahisi."

Neno hilo nimeshaambiwa na fundi aliyenijengea choo.

Kwanza hizo oti zenyewe. Kamusi ukiiuliza itakwambia ni shayiri. Nenda sasa dukani useme unataka shayiri, uone muuzaji atakavyokuangalia, maana shayiri anayoijua yeye ni ile ya kwenye bia. Sema oti, utapewa kopo. Ndani kuna vitu kama maganda ya mbegu za maboga yaliyokanyagwa na lori. Sh 9,500. Mama Neema akachungulia kopo, akafunika, akaniuliza kama kuku wameongezeka.

Neema akatoa masharti, na nawaambia mganga hamfikii. Kikombe kimoja cha oti, vikombe vinne vya maji. Maji yawe baridi, tena baridi sana. Blenda isizidi nusu dakika. Usiloweke. Usichemshe. Na unapochuja, usikamue.

Tuanze na maji baridi. Kutoka barazani kwangu naliona ziwa lote, Victoria Nyanza, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji baridi, limelala pale chini linameremeta. Bomba langu siku hiyo lilikuwa linatoa upepo, siku ya tatu. Sisi wa mlimani maji tunayaangalia kama picha ya ukutani. Nikanunua ndoo mbili kwa kijana wa mkokoteni, ambaye akifika kwenye mawe anasimama na kuongeza bei, na haki yake, maana mawe ya Mwanza yapo kwenye kalenda kwa sababu mpiga picha hakupanda nayo ndoo.

Tukapoza maji, tukatia oti, tukawasha blenda. Naapa ilikuwa haijafika sekunde ya kumi, umeme ukakatika.

Neema akashika kichwa. "Baba, zinaloweka! Zikiloweka zinatoa utelezi!" Sasa mimi nifanyeje, niziite zitoke? Tukakaa tunaitazama blenda kama watu wanaosubiri maiti mochwari. Saa nzima na nusu. Umeme uliporudi, blenda ikanguruma, likatoka kitu cheupe, kwa macho kweli ni maziwa. Nikajisikia vizuri kidogo.

Kuchuja. Chujio la chai likapitisha kila kitu. Kanga kuukuu ya Mama Neema haikupitisha chochote, ikabaki imening'inia nzito kama nepi. Hapo ndipo ufundi wangu ukahitajika. Nikachukua kipande cha shela kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, nikakikunja mara mbili, nikakishona mfuko, pindo safi, na kamba ya kufungia. Macho yake madogo kiasi kwamba ningeonekana nao kwenye soko la samaki la Mwaloni watu wa doria wangenikamata kwa uvuvi haramu. Nikamimina, nikauinua mfuko, na mikono yangu, bila kuniuliza, ikafanya kile ilichofundishwa nikiwa na miaka saba. Ikakamua.

"Baba, usikamue!"

Ndugu zangu, haya ndiyo maziwa pekee duniani ambayo ukiyakamua unayaharibu. Yalivyotoka pale yalikuwa yanavutika. Nilipoinua kikombe mdomoni sehemu moja ilishatangulia kooni na nyingine bado iko kikombeni, na zote zimeshikana mikono. Mlenda tunaujua, mlenda tunaupenda, lakini mlenda una ugali wake. Mlenda mweupe, wa baridi, unaoitwa maziwa, huo sikuwa nimejiandaa nao.

Neema akasema labda kwenye chai yatafaa. Mama Neema hakubishana. Akafanya kama anavyofanya siku zote: maziwa, maji, majani ya chai, tangawizi, jikoni juu ya mkaa, akachemsha hadi ipande. Haikupanda. Ikaanza kutoa mapovu makubwa, moja moja, puf, puf, kama tope. Akaja nayo kwenye bakuli, na kijiko.

"Chai yako hiyo, Baba Neema."

Kijiko kilisimama chenyewe.

Jirani yangu Mhaya, ambaye harufu ya chai humfikisha mlangoni kabla hajaitwa, akaangalia bakuli, akatoa mbegu zake za kahawa mfukoni, akatafuna moja, akasema kwao Bukoba kahawa wala haihitaji kikombe, sembuse maziwa. Siku hiyo sikuwa na la kumjibu.

Ndipo Neema akatoa elimu. Kwamba oti ni wanga, na wanga ukipata moto unavimba, ndiyo uji wenyewe. Kwamba aliyeshinda vita hii ni Mswidi mmoja, Rickard Öste, wa Chuo Kikuu cha Lund, miaka ya mwanzo ya 1990, akiwatafutia kinywaji watu wenye matumbo kama langu. Yeye alitia vimeng'enya vinavyoukata wanga na kuufanya sukari, kwa hiyo maziwa yake hayagandi na yana utamu bila kutiwa sukari. "Sisi ndiyo hatuna hicho kimeng'enya," akasema Neema, kwa huzuni ya kisomi.

Mama yangu mzazi alikuwa ameketi pale mkekani anachambua dagaa. Alikuwa amekuja kutibiwa macho, siku ya nne hiyo, na kuhusu oti alikuwa hajasema hata neno moja.

"Uji umekuwa mzito?" akauliza.

"Ndiyo, Mayu."

"Si mtie kimea?"

Kimya. Akafungua kifurushi chake, anachosafiri nacho kama wengine wanavyosafiri na mswaki, akatoa unga wa kimea cha ulezi, ule ulioloweshwa ukaota ukaanikwa ukasagwa. Akasubiri chai-uji yangu ipoe hadi kidole kivumilie, maana ikiwa ya moto sana, anasema, kimea kinakufa. Akatia kijiko kimoja, akakoroga, akarudi kwenye dagaa wake. Baada ya muda mfupi kile kijiko kilichosimama kikaanza kuinama, kikaegemea ukingo, kikalala. Nikaonja. Tamu! Na sukari hatukutia.

"Bibi, umejuaje?" Neema anauliza, macho yamemtoka.

"Wewe ulipoanza kula, uji wako ulikuwa unalainishwa na nini?"

Basi tukatengeneza upya kwa njia ya Mayu, tukachuja, tukajaza chupa, tukaweka kwenye friji. Usiku umeme ukaondoka tena na mimi nikasahau. Nilipoamka chupa ilikuwa imevimba tumbo kuliko mimi, kifuniko kikaruka hadi kwenye dari. Jirani Mhaya akaonja, akaomba kikombe cha pili, akaomba cha tatu, akauliza tunauzaje. Mayu akanusa kwa mbali. "Yaya," akasema, yaani hapana kwa Kisukuma. "Hayo si maziwa tena."

Kabla hajaondoka aliniita kando.

"Na mgando, ukija nyumbani, si unakunywa?"

"Nakunywa, Mayu. Vibakuli viwili."

"Na tumbo?"

Nikafikiri. "Halina neno."

Neema, bila kuinua macho kwenye simu, akasema ni kweli, bakteria wa mgando wanakula sehemu ya ile laktosi kabla yako. Alikuwa analijua hilo muda wote. Sh 9,500, ndoo mbili, shela, saa nzima na nusu ya mochwari, na mtoto alikuwa analijua.

Oti zilizobaki Mama Neema ananipikia uji. Mfuko wangu wa shela Mayu ameondoka nao kwenda Ngudu. Amesema pindo lake ni zuri, atachujia togwa.