Kinga ya jaji wa shirikisho: ilimlinda Waring, ikamlinda na Cox

Novemba 1946, mjini Columbia, South Carolina, baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wote wazungu, liliingia faraghani kuamua kesi ya mkuu wa polisi aliyempiga Isaac Woodard rungu za macho hadi akapofuka. Woodard, Mmarekani mweusi, alikuwa ndiyo kwanza anatoka jeshini, sare bado mwilini. Jaji Waties Waring, wa mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu ya Marekani), alijua hawatachukua muda, basi akatoka kutembea dakika 20 ili wasipate wa kumpa uamuzi upesi. Aliporudi, mshtakiwa akaachiwa huru.

Kesi ile ilimgeuza Waring, mtoto wa ukoo mkongwe wa Charleston. Mwaka 1947 aliwafungulia weusi kura za mchujo za chama cha Democratic. Mwaka 1951, katika kesi ya wazazi weusi wa Clarendon, jimboni humo, ambao madai yao yalianza kwa kuomba basi la shule, yeye peke yake kati ya majaji 3 aliandika kwamba kutenganisha watoto kwa rangi ni kuwanyima usawa. Mahakama ya Juu ilikuja kufuata msimamo huo 1954. Nyumba yake ilipigwa mawe, wanasiasa wa jimbo wakataka aondolewe. Wakashindwa, kwa kuwa Katiba ya Marekani inamweka jaji wa shirikisho kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, hata maisha yake yote, na mshahara wake haupunguzwi.

Lakini kinga hiyohiyo ilimfunika William Harold Cox wa Mississippi, aliyeteuliwa 1961. Mwaka 1964, akiwa kitini, aliwafananisha na sokwe weusi waliotaka kujiandikisha kupiga kura. Wito wa kumng'oa ukafa, naye akaendelea kuamua haki za watu haohao kwa miaka mingi. Tangu 1789 Seneti imewaondoa majaji 8 tu. Mmoja wao, Harry Claiborne wa Nevada, alikuwa gerezani 1986 kwa makosa ya kodi huku mshahara ukiingia.

Mimi naona kilichomsaidia Waring ni kutofukuzika. Kukaa maisha hakukuhusika. Kazi yake yote aliimaliza kwa miaka kama 10. Kipindi kimoja kirefu, kisichoongezwa, kingempa ngao ileile na kumpa Cox tarehe ya kuondoka. Wanaopinga ukomo huo wanasema jaji mwenye ukomo ataanza kuwapendelea waajiri wake wa kesho. Ni hofu ya kweli, ila dawa yake ipo tayari: jaji wa miaka 65 aliyetumikia 15 anaweza kustaafu akilipwa mshahara wake wote.