Dodoma: nyumba nzima au vyumba vinne vya kupangisha?

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, kila mwenye akiba kidogo anawaza kiwanja. Sensa nazo zinamtia moyo: jiji lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, watu 765,179 mwaka 2022. Wote hao wanahitaji pa kulala. Lakini umjengee nani?

Wapo wanaosema jenga nyumba nzima ya vyumba vitatu, uzio na geti. Wana hoja. Mpangaji ni mmoja, mara nyingi mtumishi mwenye familia, analipa miezi sita kwa mkupuo, na hutaitwa usiku kuamua ugomvi wa LUKU. Tatizo ni siku anayopewa barua ya uhamisho: kodi yote inaondoka naye.

Wengine wanasema jenga chumba na sebule, choo ndani, vinne kwa mstari. Akitoka mmoja, watatu wamebaki. Ila wapangaji wanne ni koki nne za kuvuja na visingizio vinne kila tarehe ya kodi.

Tupige hesabu. Tuseme vinne vimekula milioni 60 pamoja na kiwanja, na kila kimoja unakipangisha kwa 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7.2. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila kimoja, toa asilimia 10 ya pango inayokatwa kama kodi ya zuio ya Serikali, toa laki tano za fundi. Inabaki kama milioni 5.4. Hapo mtaji unarudi baada ya miaka 11. Dalali hatakwambia hivyo. Hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ambazo mtu anaanza na milioni 1, hazivuji bati. Anayejenga anategemea zaidi bei ya kiwanja ipande, na kiwanja kisichopimwa huleta kesi kabla ya faida.

Hata hivyo naegemea vyumba vidogo, kwa sababu ya treni. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu anafika Dar es Salaam chini ya saa nne. Mtumishi anaweza kuiacha familia kule, watoto wasihame shule, akarudi kwao Ijumaa. Huyo nyumba ya vyumba vitatu ya nini? Ukijenga Ihumwa au Nzuguni, upande wa Mtumba uliko Mji wa Serikali, unamlenga yeye. Karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wateja ni wengi, lakini likizo ndefu ya wanafunzi vyumba hukaa vitupu.

Kisha maji. Dodoma ni kavu, mji umetegemea visima vya Makutupora miaka mingi, na mgao si habari ngeni. Nyumba yenye marumaru na dari ya jipsamu inaweza kukaa tupu miezi wakati ya jirani, yenye sakafu ya saruji na simtanki juu ya mnara, haikosi mtu. Mpangaji akija kuangalia chumba, anaanza kwa kufungua bomba.

Ningekuwa na milioni 30, ningejenga viwili kwanza, nikaweka simtanki kabla ya geti, na wapangaji wa mwaka wa kwanza wangeniambia kama vingine viwili vinahitajika.