Jenetiki sawa, mageuko kimya: watoto wetu wanapata nusu ya somo

Wazazi wengi hapa Nairobi hawana shida na jenetiki. Mtoto akirudi aseme leo tumefundishwa vile kundi la damu linatoka kwa baba na mama, kila mtu kwa nyumba anafurahi. Akisema ni mageuko, yaani vile viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, maneno yanaanza, mara mwalimu anaharibu watoto, mara wanataka kutuambia tulitoka kwa nyani (na hakuna mwanasayansi anasema hivyo, wanasema sisi na nyani tuna babu mmoja wa zamani sana). Mwalimu wa bayo naye, ambaye pengine Jumapili ni mzee wa kanisa, anaipita hiyo topiki mbio mbio, noti ubaoni, hii ni ya mtihani tu, twende mbele. Kila upande, wa imani na wa sayansi, una ukweli wake, lakini sioni kama uzito ni sawa.

Kwanza tuweke wazi kitu kimoja, shule zetu hazijamfukuza Mungu. Kwa 8-4-4, mfumo wa zamani unaoisha, mtoto wa fomu wani alikuwa anasoma uumbaji kwa CRE (somo la dini ya Kikristo), alafu kwa historia alikuwa anakutana na mtu wa kale, na hapo alikuwa anapewa uumbaji, masimulizi ya asili ya jamii zetu na mageuko, yote pamoja. Fomu foo ndio bayo inaleta jenetiki na mageuko. Kwa hivyo kila kitu kiko, shida ni kwamba hakuna mtu anakaa chini na huyo mtoto amsaidie kuelewa kila somo linajibu swali gani, anabaki anakariri majibu tofauti kwa karatasi tofauti.

Mwaka 2006, wakati makumbusho yetu pale Museum Hill yalikuwa yanakarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kupinga mifupa ya mtu wa kale kuoneshwa kama ushahidi wa mageuko, na Richard Leakey, mwanasayansi wa mifupa ya kale, akampinga vikali. Mimi siwezi kuunga mkono ombi la askofu. Mifupa ya Turkana Boy, kijana wa kale, ina karibu miaka milioni 1.5 na aliyeiona kwanza kule Nariokotome, 1984, ni Kamoya Kimeu, Mkenya, na kuisukuma kwa kona ni kusukuma pia kazi ya huyo mzee. Lakini waumini walikuwa na hoja ambayo wanasayansi hawakuisikiza vizuri. Shule nyingi zilianzishwa na makanisa, sheria ya elimu ya 2013 inawatambua kama wadhamini, Katiba kifungu cha 32 inalinda imani ya kila mtu, na mzazi akiogopa mtoto wake atachekwa darasani juu anaomba, hiyo hofu iko na msingi, kuna walimu wanacheka watoto kweli. Sayansi haina kipimo cha kusema Mungu yuko ama hayuko, na mwalimu akienda huko ametoka kwa kazi yake. Wakatoliki walishapita hapa, Papa Yohane Paulo wa Pili alisema 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na Mendel mwenyewe, aliyetuanzishia jenetiki na zile njegere zake, alikuwa mtawa.

Sasa hoja yangu kubwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu wa AS amebeba jeni moja ya ugonjwa na haugui, wa SS amepata mbili, moja kwa kila mzazi. Baba AS, mama AS, kila mimba ina nafasi ya 25% mtoto kuzaliwa SS, yaani mgonjwa. Hiyo ni jenetiki na mtoto ataichora vizuri kabisa. Lakini mtoto mwerevu atauliza, kama hii jeni imeua watoto miaka yote hiyo mbona haijaisha, na mbona iko sana kwa watu wa ziwa na Pwani na kwa watu wa milimani ni nadra? Ule mchoro hauna jibu hapo. Jibu lilitafutwa huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alizunguka 1949 akipima damu za watu, akakuta karibu na Pwani na Ziwa Victoria wenye hiyo jeni wanapita 20% na kwa nyanda za juu na sehemu kavu hawafiki 1%, na 1954 akachapisha kwamba mtu wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Penye malaria nyingi, watoto wa AS walipona zaidi, wakakua, wakazaa, na jeni ikabaki. Hayo ndio mageuko, yako kwa damu ya majirani wetu, na huwezi kueleza sikoseli ukayaruka.

Na hapa Nairobi hii maneno ni nzito zaidi. Malaria huku ni kidogo, lakini watu wametoka Siaya, Busia, Kilifi, wamekutana Umoja na Kayole, wameoana. Faida ya AS iliachwa kule penye mbu, hatari ya kuzaa mtoto SS imekuja nao. Mchungaji anayeshauri wachumba kabla ya harusi anahitaji hii elimu kama mwalimu tu.

Dawa za malaria zinaonesha kitu hicho hicho. Wengi wetu tunakumbuka kloroquini, chungu, na ile kujikuna usiku mzima. Vimelea vya malaria vilivyoweza kuivumilia vikabaki na kuzaana mpaka dawa ikashindwa, serikali ikahamia dawa nyingine, Fansidar, 1998, na 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto ya AL (artemether na lumefantrine).

Kinachonisumbua saa hii ni sekondari ya juu ya mtaala mpya, Gredi ya 10 imeanza Januari 2026 na bayolojia ni somo la kuchagua. Mtoto akienda njia ya sanaa ama sayansi ya jamii anaweza kumaliza shule bila kugusa hizi topiki kwa darasa la bayo, na bado ataoa ama kuolewa na kupewa dawa kama wengine. Wadhamini na wizara wakikaa kuongea, waanzie kwa sikoseli, wamweke mwalimu wa CRE na wa bayo kwa meza moja, na watoto wapelekwe Museum Hill wakaone ile mifupa wenyewe.