Mashine Sita Zilizojizima Upper Hill

Kwa kuwa rafiki ninayeketi naye ofisini amekwisha kusambaza simulizi yake ya onyesho langu mbele ya mteja, ambamo eti nilitorokea ngazi za dharura nikaiacha hata kompyuta, naona ni heri mwenye aibu ajisimulie. Kompyuta niliibeba.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba tangu mvua za masika nimekuwa nikiandika draiva (programu kiunganishi) ya kuiwezesha Nova, yaani ile sehemu ya OpenStack (programu huria ya kujengea wingu la kompyuta) inayosimamia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva halisi), kutumia bhyve, haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) iliyoingia katika mfumo endeshi wa FreeBSD, toleo la 10.0, mwaka 2014. Wengi huendesha Nova juu ya KVM, haipavaiza ya Linux, na kulala usingizi. Mteja wetu, chama cha akiba na mikopo kule Upper Hill, Nairobi, ana seva za FreeBSD na fundi asiyetaka hata kusikia habari za kuzibadilisha.

Siku ya onyesho, Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu, aliketi mbele kabisa, miwani ikiwa puani. Niliunda mashine sita, na kwa majigambo yasiyoombwa na mtu, ya kwanza ndiyo niliyoipa kazi ya kuonyesha slaidi zangu. Kwenye safu ya hali, zote zilisomeka kuwa hai, nami nikaisoma safu hiyo kwa sauti, mstari baada ya mstari. Safu ya pembeni, inayoeleza iwapo mashine imewashwa au imezimwa, ilikuwa ikisema wazi kwamba zote zimezimwa. (Wewe unayetaka kuandika "si ungeangalia", subiri kwanza, aibu yenyewe haijafika.)

Nova, kwa msioijua, ina desturi: kwa kawaida, kila baada ya sekunde 600 huiuliza draiva hali ya kila mashine na kulinganisha jibu na hifadhidata. Ikiwa hifadhidata inasema mashine iko hai ilhali draiva inasema imezimwa, Nova huamini kwamba mashine imejizima, kisha huamuru izimwe rasmi. Katika orodha ya hali niliyojitungia, nambari 4 ilikuwa mashine inayofanya kazi. Katika orodha ya Nova, 4 ni mashine iliyozimwa. Katika majaribio yangu yote nilikuwa nikiunda mashine, nikiifurahia kidogo na kuifuta, kwa hiyo hakuna hata moja iliyowahi kuishi hadi ikaulizwa hali.

Nilikuwa nimefika kwenye slaidi yenye kichwa "Uthabiti". Nilifungua kinywa, slaidi ikaganda, kisha ukurasa ukatoweka na kivinjari kikatangaza kwamba hakioni seva. Nikatabasamu. Nikabonyeza tena, taratibu, kana kwamba kidole ndicho kilichokosea. Kwa kutapatapa nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikisahau kwamba projekta ilikuwa ingali ikiwaka, na ukuta mzima ukajaa mistari inayosema kwamba mashine imejizima yenyewe na kwamba sasa inasimamishwa.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, hii imejizima yenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hii ya pili?"

"Nayo pia, Mwalimu."

Akaendelea hadi ya sita, kwa sauti ileile ya kuita majina asubuhi darasani, na kila mara nikaitikia. Fundi wa FreeBSD alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtetemeka. Jambo la kuniumiza zaidi ni kwamba kati ya kazi zote nilizoiandikia draiva ile, kazi ya kuzima mashine ndiyo pekee iliyotekelezwa bila dosari mbele ya wajumbe.

Mengine ni mafupi: chai ililetwa mapema, nikaondoka kwa lifti, na jioni hiyohiyo 4 ikageuzwa kuwa 1, ambayo kwa Nova ndiyo mashine inayofanya kazi. Mashine sasa zinakesha. Chama kimekubali tukutane tena, ila Mwenyekiti ameagiza kwa barua kwamba onyesho lijalo lisipungue nusu saa, na slaidi ziletwe zikiwa zimechapishwa.