Mpiga tarumbeta kijana, fanki, na mtihani wa albamu ya kwanza

Mpiga tarumbeta kijana anapotoa albamu yake ya kwanza na kuijaza fanki, muziki wa kuchezea unaobebwa na besi na dramu, wapenzi wa jazi hugawanyika kabla kibao cha pili hakijaanza. Wapo wanaonuna: kijana ana pumzi, ana vidole vyepesi, mbona anajificha nyuma ya gitaa la besi? Na wapo wanaoinuka vitini wakishukuru kwamba hatimaye wamepata jazi inayochezeka. Ubishi huu umewazidi umri wengi wanaoubisha, na pande zote mbili zina hoja za maana. Lakini kadiri ninavyousikiliza, ndivyo ninavyoona kwamba wanagombania kitu cha pembeni.

Nianze na wanaonuna, maana hao hudharauliwa upesi. Wenye akili miongoni mwao hawasemi kwamba fanki ni muziki mbaya. Wanachosema ni kwamba albamu ya kwanza hutoka mara moja tu, na wakongwe wa tarumbeta walioingia kwenye fanki waliingia wakiwa na akiba. Donald Byrd alitoa albamu ya fanki, Black Byrd, mwaka 1973 akiwa ametimiza miaka 40, nyuma yake kukiwa na rundo la albamu za jazi, naye akifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard. Miles Davis alikuwa na miaka 46 albamu yake ya On the Corner ilipotoka mwaka 1972. Roy Hargrove, aliyezaliwa Waco, Texas, mwaka 1969, alianza na albamu ya jazi isiyo na umeme mwaka 1990, na ilimchukua miaka 13 hadi akaunda kundi la The RH Factor na kutoa Hard Groove. Hao, wanasema, tulishawajua kwa sauti zao. Huyu kijana wa leo tunamjulia wapi?

Ni hoja nzito, ila ina tundu. Akiba yenyewe haikumkinga mtu. Wahakiki walimrarua Byrd, na huku wanamrarua, albamu ikawa inauzwa kuliko nyingine yoyote ambayo kampuni ya Blue Note ilikuwa imewahi kutoa hadi wakati huo. On the Corner nayo ilitukanwa na watu ambao miaka kadhaa nyuma walikuwa wakimsujudia Davis. Kwa hiyo kumwambia kijana asubiri, athibitishe kwanza, kisha atacheza fanki kwa amani, ni kumpa ahadi ambayo wakubwa wake hawakuwahi kutimiziwa.

Upande wa pili una historia mkononi. Mwaka 1967 mwimbaji James Brown alitoa Cold Sweat, kibao ambacho wengi hukitaja fanki inapotafutiwa siku ya kuzaliwa. Aliyekipanga pamoja naye ni Pee Wee Ellis, mpuliza saksafoni aliyelelewa na jazi, na mwenyewe alieleza kwamba sehemu ya wapulizaji aliitoa kwenye So What ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Yaani kitovu cha fanki kimefungwa kwa uzi wa jazi. Hapo lile lalamiko la kwamba fanki ni maskini wa akodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, linapungua nguvu, kwa sababu So What yenyewe ina vipimo 32, yaani mafungu 32 ya mapigo, na akodi mbili tu, ya pili ikiwa ni ile ya kwanza iliyopandishwa nusu hatua. Wanajazi wenyewe ndio waliopunguza akodi ili mpulizaji apate uwanja. Na kabla ya fanki kupata jina, Lee Morgan, tarumbeta la Philadelphia, alirekodi The Sidewinder Desemba 1963 akiwa na miaka 25. Mdundo wake ulikuwa wa kuchezea miguu, na albamu ikapanda hadi kwenye orodha ya muziki wa pop ya Billboard.

Hata Wynton Marsalis, ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa sauti kali kuliko zote dhidi ya kuchanganya jazi na mitindo ya umeme, alipokuwa kijana New Orleans alipiga tarumbeta kwenye bendi ya fanki pamoja na kaka yake Branford. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1982, haikuwa na hata chembe ya fanki hiyo. Na ni yeye huyohuyo aliyemgundua Hargrove akiwa bado mwanafunzi wa sekondari Dallas. Mtu anaweza kulikimbia jambo kwa sababu analijua vizuri mno.

Sasa nije kwenye kile ninachodhani ndicho kiini, nacho ni kazi ya tarumbeta lenyewe.

Katika jazi tarumbeta ni msemaji. Mpiga dramu anashikilia wakati juu ya tuazi, mapigo yanagawanyika kwa kuyumba, refu na fupi, refu na fupi, na mpulizaji anaweza kuanza sentensi katikati ya kipimo kimoja akaimalizia katikati ya cha tatu bila kumwomba mtu ruhusa. Katika fanki mambo yamegeuka. Kila pigo limekatwa vipande vinne vilivyo sawa, uzito wote unaangukia pigo la kwanza, na muziki unaishi kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Tarumbeta pale kwa kawaida halizungumzi. Linasimama na saksafoni na tromboni, linachoma kwa sauti fupi, linanyamaza. Ukiwa kwenye safu ya wapulizaji wa James Brown, sifa yako ni kutosikika peke yako.

Kwa hiyo kijana anayeweka jina lake kwenye jalada la albamu ya jazi na fanki ameshika kazi mbili zinazokwenda kinyume. Akimwaga sentensi zake ndefu za jazi juu ya besi ya fanki bila kusikiliza, anakuwa kama mgeni anayehutubia watu walio katikati ya ngoma. Akikubali kuchoma tu na kunyamaza, albamu inapendeza, inachezeka, na ungeweza kumtoa ukaweka mpulizaji mwingine yeyote msikilizaji asijue. Kosa hili la pili ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi, nalo ndilo linaloniudhi, kwa sababu linafunikwa na utamu wa mdundo. Nimewahi kumaliza albamu nzima ya namna hii nikiwa nimewajua waimbaji wageni, mpiga kinanda, hata aliyetengeneza dramu kwenye kompyuta, kila mtu isipokuwa mwenye albamu.

Waliofaulu walipata majibu tofauti kabisa. Davis aliliunganisha tarumbeta na pedali ya wawa, ile ya wapiga gitaa inayoyumbisha sauti, akalifanya kuwa ngoma mojawapo. Mara nyingine sauti tatu tu, basi. Hargrove alifanya kinyume: alilifanya liimbe. Sikiliza alivyopuliza kwenye Voodoo, albamu ya mwimbaji D'Angelo ya mwaka 2000. Sauti zake zimepangwa juu ya nyingine kama kwaya ya mtu mmoja, laini, zikichelewa kidogo nyuma ya pigo kama dramu zinavyochelewa.

Mpiga tarumbeta Freddie Hubbard naye, mwaka 1970, alishika njia ya tatu kwenye albamu ya Red Clay. Chini kuna mdundo wa kutikisa kichwa, dramu zikipigwa na Lenny White aliyekuwa kijana wa miaka 20 tu, na juu kuna akodi zinazosogea kiasi kwamba mpulizaji mvivu hawezi kujificha. Kama ningeulizwa na kijana anayejiandaa kuingia studio, hii ndiyo ningemwambia aisikilize kwanza. Inamlazimisha mtu acheze fanki huku akiwa na la kusema.

Hoja ya biashara nitaipita haraka. Ndiyo, fanki hufungua milango ya matamasha ambayo jazi ya kukaa kimya haifunguliwi, na kampuni za muziki zinalijua hilo. Lakini mtu akifuata soko na bado akapuliza vizuri, sioni kwa nini nimkasirikie. Na wanaosema jazi safi haina biashara wamesahau kwamba katika miaka ya 1980 jazi ya koti na tai, isiyo na vyombo vya umeme, iliuzwa vizuri sana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jambo la mwili, na halitajwi sana. Midomo ni misuli. Bendi yenye besi na gitaa la umeme ina kelele, na mpulizaji asiyejisikia vizuri jukwaani huanza kusukuma, anapanda juu, anapuliza kwa nguvu usiku baada ya usiku. Vijana wengine huingia studio wakiwa na tabia hiyo tayari: kila sauti ni ya juu, kila sauti ni kali, hakuna kunong'ona. Fanki haimlazimishi mtu kupuliza hivyo. Hargrove alinong'ona humohumo.

Mimi niko upande wa wanaochanganya, kwa sharti moja. Kijana aliyekua akisikiliza vyote viwili akilazimishwa kutoa albamu ya jazi tupu ili aonekane mtu wa adabu, tutapata mwanafunzi mzuri aliyefaulu mtihani wa mtu mwingine. Lakini aniachie walau kibao kimoja ambacho hakina pa kujisitiri: mgeni hakuna, kiitikio hakuna, bendi imeshuka, tarumbeta liko wazi na linasema. Kinaweza hata kuwa cha fanki. Mwaka 2008 Hargrove, akiwa na bendi yake ya watu watano, alitoa kibao cha Strasbourg/St. Denis kwenye albamu ya Earfood. Vyombo ni vya jazi ya kizamani, besi ni ile kubwa ya mti, na bado mdundo unatembea kwa mwendo wa fanki tangu mwanzo hadi mwisho. Leo ni kati ya vibao ambavyo wanafunzi wa tarumbeta hujifunza mapema, na hakuna anayewauliza wanajifunza jazi au fanki.

Ndiyo maana albamu ya kijana ikinifikia siianzi na kibao cha kwanza, kile kilichowekwa pale kunishika shati. Natafuta cha polepole kuliko vyote, mara nyingi huwa cha sita au cha saba, nakisikiliza mara mbili, kisha ndipo narudi mwanzo.